Holdem ya limiti: karata kali uiwekee dau mara moja, au upite kisha upandishe?

JetoniNne, Lubumbashi (Kamalondo)

Bandugu, hamjambo. Swali langu ni la holdem (poka ya karata mbili mkononi na tano za wazi mezani) ya limiti, ile ambayo ukubwa wa dau umefungwa. Meza yetu ni ya 1000 na 2000: kabla ya flopu (karata tatu za kwanza za wazi mezani) na kwenye flopu dau ni faranga 1000, kwenye karata ya nne na ya tano ni 2000. Blindi, yaani madau ya lazima ya wawili wanaomfuata mgawaji: ndogo 500, kubwa 1000. Jetoni moja (kidude cha kuwekea dau badala ya fedha) ni 500. Kila mzunguko ni dau moja na kupandisha mara tatu, hapo mlango unafungwa.

Kwa wasomaji wa nje ya Katanga: Asi ndiyo kubwa kuliko zote, Rwa ni mfalme, Dama ni malkia, Vale ndiye anayemfuata. Nikisema "kupita" nina maana ya kuachia zamu bila kuweka kitu, karata bado ninazo. "Pita-panda" ni kupita kwanza, kisha mwingine akiweka dau unamrudia na kumpandishia.

Hali ya kwanza: niko blindi kubwa, nina Rwa-Vale. Wachezaji wawili, tuwaite A na B, wamefuata 1000. Mgawaji, ambaye naye anacheza, amepandisha hadi 2000, blindi ndogo ametupa, sisi watatu tumefuata. Poti, yaani fedha zote zilizo katikati ya meza, ni 8500. Flopu: Vale, 9, 4, zote za rangi tofauti (rangi ni kopa, shupaza na kadhalika). Mimi ndiye wa kwanza kucheza, mgawaji wa mwisho.

Hali ya pili: watu walewale, poti ileile, ila nina 8-8 na flopu ni Rwa, 8, 3, rangi tofauti.

Wengi wanashauri hivi: karata kali kupindukia ifiche, pita kisha pandisha, karata kali ya kawaida iwekee dau mwenyewe. Ndivyo ilivyo?

MzeeWaKatuba, Lubumbashi

Mdogo wangu, kwa jinsi mlivyokaa jibu ni kinyume cha ushauri huo. Rwa-Vale ndiyo ya pita-panda. Ile 8-8 iwekee dau mwenyewe. Swali la kujiuliza si "karata yangu ina nguvu kiasi gani" tu. Jiulize dau litatokea upande gani wa meza, na je, unataka wale wa katikati wabaki au waondoke.

Tuanze na Rwa-Vale. Jozi ya juu ni nzuri, lakini inachomeka. Mwenye Asi-9 ana karata tano za kumwokoa: Asi tatu na 9 mbili. Mwenye Rwa-10 anangoja Dama apate mfuatano, nne hizo. Hujaona karata 47, kwa hiyo wa karata tano ana nafasi mbaya 42 kwa nzuri 5, yaani anahitaji poti imlipe 8.4 kwa 1 ili kufuata kwake kusiwe hasara. Wa karata nne anahitaji 10.75 kwa 1.

Ukiweka 1000 mwenyewe, poti inakuwa 9500. A analipa 1000 kuwania 9500, yaani 9.5 kwa 1. Mwenye Asi-9 anafuata, na yuko sahihi. Hata wa karata nne hakosei sana, kwa sababu akiipata Dama atakulipisha madau makubwa baadaye. Dau lako halikumfukuza mtu yeyote. Limewauzia tiketi kwa bei nafuu.

Sasa pita. A anapita, B anapita, mgawaji aliyepandisha mwanzo anaweka 1000. Poti 9500. Unaweka 2000, poti 11500. Zamu inarudi kwa A, na mbele yake kuna 2000 nzima ya kulipa kwa mara moja: 5.75 kwa 1. Asi-9 sasa anakosea akifuata, na Rwa-10 anakosea zaidi. Mwenye Dama-10 au 10-8, wanaongoja mfuatano wa pande mbili, wana karata nane, wanahitaji 4.9 kwa 1 tu, hao hutawatoa. Usijilaumu kwa hao. Kazi ya kupandisha hapa ni kuwatoa wa karata tatu, nne na tano.

Sasa 8-8 kwenye Rwa, 8, 3. Unamwogopa nani? Mwenye Rwa peke yake hana karata moja ya kumwokoa: hata Rwa ikija mezani wewe unajaza nyumba (tatu sawa na jozi). Mwenye 3-3 anangoja ile 3 moja iliyobaki, wenye jozi mbili wanangoja Rwa mbili tu, na mwenye Rwa-Rwa amekushinda tayari lakini huyo ni nadra. Watu hawa wakilipa 1000 kufuata, wanakuzawadia. Kwa nini uwafukuze? Ukipita-panda hapa, mgawaji akiwa wa mwisho, A na B wanakutana na 2000 na wanatupa. Umebaki na mtu mmoja kwenye meza ya watu watatu waliokuwa tayari kulipa. Weka 1000. A afuate, B afuate, mgawaji mwenye Asi-Rwa apandishe, nawe upandishe tena hadi 3000. A na B walishaingiza 1000 kila mmoja, na wengi wakishaingia hawatoki.

Hamisha viti na kila kitu kinageuka. Tuseme aliyepandisha kabla ya flopu ni A, aliye kushoto kwako, anayecheza mara baada yako. Ukiwa na Rwa-Vale, weka dau ukitarajia A apandishe. B na mgawaji ndio watakaokutana na 2000. Ukiwa na 8-8, pita: A anaweka, B anafuata, mgawaji anafuata, ndipo unapandisha juu ya watu watatu waliokwisha kujifunga.

Hesabu_Birere, Goma

Mzee amefunga mlango wa watu wengi, sina la kuongeza hapo. Niweke hesabu ya mkiwa wawili tu, maana huko viti havisaidii na swali linabaki moja: atakuwekea dau au hatakuwekea?

Chukua dau la 1000/2000, una tatu sawa, mpinzani mmoja, na tuseme analipa hadi mwisho. Hizi ni faranga zinazotoka kwake kuanzia flopu:

Unaweka flopu, karata ya nne na ya tano: 1000 + 2000 + 2000 = 5000.

Unapita-panda kwenye flopu, kisha unaendelea kuweka: 2000 + 2000 + 2000 = 6000. Lakini naye akipita, flopu imeenda bure, unapata 4000. Kupata ni 1000, kukosa ni 1000. Kwa hiyo pita-panda ya flopu inahitaji aweke dau zaidi ya nusu ya mara. Mtu aliyepandisha kabla ya flopu, mkiwa wawili, kwa kawaida anavuka nusu bila shida.

Ameshaweka kwenye flopu, wewe unafuata tu kimya na kumngoja karata ya nne ambako dau ni kubwa: 1000 + 4000 + 2000 = 7000. Hapa ndipo watu wanapumbazika. Ile 4000 inapendeza macho. Lakini akipita kwenye karata ya nne umepata 1000 na 2000 ya mwisho, jumla 3000, wakati kumpandishia palepale kwenye flopu kungekupa 6000. Unahatarisha 3000 ili upate 1000 ya ziada. Lazima aweke kwenye karata ya nne zaidi ya mara 75 katika 100. Mchezaji anayeweka flopu kwa mazoea kisha anapita akifuatwa hafikii hata 60. Huyo mpandishie kwenye flopu.

Na kuna njia ya nne inayosahaulika: unaweka flopu mwenyewe, anapandisha, unapandisha tena. 3000 + 2000 + 2000 = 7000, bila kungoja chochote. Kwa mtu anayepandisha kila akiona dau mbele yake, hiyo ndiyo njia. Usimpitie.

Flopu yenyewe ina sauti pia. Kwenye Rwa, 8, 3 kavu unaweza kungoja, karata inayofuata haibadilishi sana. Kwenye Vale, 10, 9 zenye mbili za rangi moja, ukiwa na 9-9, usingoje kabisa. Kila 7, 8, Dama, Rwa na kila karata ya rangi ile itazima meza: wa jozi mbili wataacha kulipa, au wewe ndiye utakayekuwa unalipa. Hizo ni karibu nusu ya karata zilizobaki. Jetoni ziingie sasa hivi wakati kila mtu ana sababu ya kulipa.

Karata ya tano ni rahisi kuliko zote kwa kuwa hakuna tena karata ya bure. Linganisha mambo matatu: mara ngapi angefuata ukiweka, mara ngapi angeweka ukipita, na akipandishiwa anafuata mara ngapi. Mfano: anafuata mara 80 katika 100. Ukipita anaweka mara 40, na akipandishiwa anafuata mara 90 katika kila 100. Kuweka: madau 80. Kupita-panda: 40 mara 1.9, madau 76. Weka. Akiwa mtu wa kuweka mara 60, inakuwa 114 dhidi ya 80, basi pita. Kama naye hupandisha mara nyingine ukimwekea, upande wa kuweka unazidi kupanda, uhesabu hilo pia.

DadaKadutu, Bukavu

Mzee, hesabu yako ni safi, lakini imekaa juu ya kitu ambacho hukukisema: kwamba mgawaji ataweka. Kwenye Vale, 9, 4 akiwa na Asi-Rwa au Asi-Dama, mbele ya watu watatu waliopita, wachezaji wengi waangalifu wanapita nao. Hapo mmegawa karata ya nne bure kwa watu watatu.

Hata hivyo tuangalie hasara hiyo ni ya ukubwa gani, kwa sababu watu wanaiogopa vibaya. Karata ya bure inakuumiza kwa sehemu ya poti pale tu ambapo dau lako lingemfanya mtu atupe. Kwa poti ya 8500, mzee ameonyesha kwamba 1000 haimtoi mwenye Asi-9. Angefuata, na angefuata sahihi. Basi ukipita na wote wakipita, ulichokosa kwake ni 1000 ambayo ingekuletea faida ndogo sana. Ndiyo maana kwenye poti kubwa pita-panda inastahili hatari yake: dau moja halilindi kitu.

Poti ikiwa ndogo, mambo ni mengine. Hakuna aliyepandisha: wewe, A, B na mgawaji mmeweka 1000 kila mmoja, blindi ndogo ameacha 500. Poti 4500. Ukiweka 1000, A anawania 5500, yaani 5.5 kwa 1, na Asi-9 anahitaji 8.4. Dau moja tayari limefanya kazi. Zaidi ya hapo, hakuna aliyeonyesha nguvu, hujui nani atakuwekea. Ukipita hapa na wote wakipita, umempa mwenye karata tano nafasi 5 katika 47 ya kuchukua poti ambayo angeiacha. Kwa hiyo jozi ya juu, poti ndogo, hakuna aliyepandisha: weka, usifikirie mara mbili.

Sasa, utajuaje kama mgawaji ataweka? Karata zikiwekwa mezani usiziangalie. Zitakuwepo tu. Angalia mkono wake. Mwenye nia ya kuweka mara nyingi hutazama karata tatu mara moja, kisha macho yanashuka kwenye jetoni zake. Vidole vinatenga mbili pembeni kabla zamu haijafika kwa B. Mwenye nia ya kupita anaendelea kuzitazama karata, mkono umelala. Si sheria ya chuma, lakini katika hali ya Rwa-Vale unayo zamu ya kwanza na sekunde mbili tatu za kumwangalia mgawaji kabla ya kusema neno. Zitumie. Ukiona mkono umelala, weka mwenyewe.

Jambo lingine. Ukipita-panda kwa karata kali tu, baada ya majuma mawili watu wote wa meza ile wataacha kuweka ukipita. Kwa hiyo mara moja moja fanya hivyo pia na karata inayongoja, kama 10-8 kwenye ile Vale, 9, 4: una karata nane za kukuokoa, na wakitupa wote umechukua poti bila kuonyesha kitu. Kuchanganya huku si mapambo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walitangaza kwamba programu yao Cepheus imetatua kivitendo holdem ya limiti ya watu wawili, na programu ile hucheza kwa kuchanganya: karata ileile, hali ileile, mara inaweka mara inapita, kwa viwango maalumu. Lakini kumbukeni ni ya watu wawili. Meza ya wanne kama ya ndugu JetoniNne bado inataka macho.

JetoniNne

Aksanti sana mzee, aksanti dada, na ndugu wa Birere. Nimeelewa ya viti. Swali dogo: nimepita-panda na Rwa-Vale, A na B wametupa, lakini mgawaji ananipandishia tena hadi 3000. Ni mtu mgumu, hafanyi hivyo kwa mchezo. Nitupe?

MzeeWaKatuba

Usitupe kwenye flopu. Hesabu poti: 8500, yako 2000, yake 3000, jumla 13500. Unalipa 1000, yaani 13.5 kwa 1. Hata akiwa na Dama-Dama au Asi-Asi una karata tano: Rwa tatu, Vale mbili. Ulihitaji 8.4 tu.

Karata ya nne haikukusaidia, pita. Anaweka 2000 juu ya 14500, poti 16500 kwa 2000 yako: 8.25 kwa 1. Sasa karata zisizoonekana ni 46, tano zako, 41 mbaya, unahitaji 8.2. Ni sawa kwa sawa hata ukijua umeshapigwa, na kuna mara ambazo anatisha tu. Lakini akiwa na Asi-Vale ni mbaya kwako, Rwa tatu tu ndizo zinakuokoa. Mtu mgumu mno ambaye hapandishi tena bila jozi kubwa au tatu sawa, unaweza kumwachia hapa bila majuto. Kwa wengine fuata. Karata ya tano unalipa 2000 kwa 20500, kidogo zaidi ya 10 kwa 1. Inatosha uwe mbele mara moja katika kumi na moja.

Kosa ninaloliona zaidi si hilo. Ni hili: mtu anapita-panda kwenye flopu, mgawaji anafuata tu, inakuja karata ya nne isiyo na maana, tuseme 2, na yule aliyepandisha anapita. Hofu imemshika. Amemlipisha mtu 2000 kwenye flopu kisha amempa karata ya tano bure, pale ambapo dau ni mara mbili. Ukipita-panda, karata ya nne unaweka wewe, isipokuwa imekuja ile uliyoiogopa, kama 10 au Dama kwenye flopu hii. Hata Dama usiipitie kila mara. Hesabu kwanza ni nani aliyebaki na alifuata nini.

DadaKadutu

Na kabla hujakaa, uliza mwenye nyumba mambo mawili. La kwanza: pita-panda inaruhusiwa? Kuna meza za nyumbani ambako ukishapita unaruhusiwa kufuata au kutupa tu. Kwenye meza kama hiyo kila karata unayotaka kuipandisha lazima uiwekee dau mwenyewe, kwa hiyo upande wa aliyepandisha mwanzo unakuwa na uzito mara mbili unapochagua kiti. La pili: mkibaki wawili, kikomo cha kupandisha mara tatu kinaondolewa? Nyumba nyingi zinakiondoa.

Halafu mkono wako wenyewe. Sema "napandisha" kwa sauti kabla ya kugusa jetoni, au sukuma jetoni zote nne kwa mara moja. Ukiweka mbili, kisha ukarudi kwenye rundo lako kuchukua nyingine mbili, mgawaji ana haki ya kusema umefuata tu, na A na B wataingia kwa 1000.